Kitanda, Meza, Kiti na Taa

Andiko: 2 Wafalme 4:1-10 na 8:1-6

 

Wapendwa, kama una Biblia yako fungua 2 Wafalme sura ya 4. Sura hii huwa tunapenda kuihubiri vipande vipande. Wiki ya utoaji tunahubiri mafuta ya mjane. Siku ya kina mama tunahubiri yule mama Mshunami. Leo nataka tuzisome hadithi zote mbili kwa kikao kimoja, kwa sababu wiki tatu zilizopita sura hii ilinipata nikiwa nimesimama ndani ya duka la fanicha, na mpaka leo bado inaniuma.

Tuanze na Mshunami. Alikuwa mama mwenye mali. Elisha alikuwa akipita njia hiyo mara kwa mara, na kila akipita anakaribishwa chakula. Siku moja mama akamwambia mumewe, tumjengee huyu mtu wa Mungu chumba kidogo huko juu. Sasa angalia vitu alivyotaja vya kuweka ndani: kitanda, meza, kiti, na kinara cha taa. Hakuishia kwa ukuta. Alijiuliza huyu mtu akichoka atalala wapi, akiletewa chakula atakiweka wapi, giza likiingia ataonaje. Mimi nilisoma biashara chuo kikuu, nimeandika bajeti nyingi, na nawaambia kweli sijawahi kuandika moja iliyokamilika kama hiyo ya vitu vinne.

Haya, nitawaambia yangu ilivyokuwa.

Mnajua mwaka jana kanisa lilianza kuwajengea wajane na wazee wasio na mtu. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya shosho mmoja kule upande wa Maili Sita. Mimi ndiye nilipewa kushika hesabu. Niliandika mbao, mabati geji 30, misumari, simiti, mchanga, milango miwili, madirisha mawili, kufuli, fundi na vibarua wake, hata soda za vijana watakaobeba mawe. Tulichanga, tukajenga, na bajeti haikupita hata kwa shilingi mia. Siku ya kukabidhi ufunguo tuliimba, tukalia, tukapiga picha. Nilirudi nyumbani nikijiona kama Nehemia.

Baada ya wiki tatu nikaenda kumtembelea pamoja na kina mama wa maombi. Shosho akatupokea vizuri, lakini akatukalisha nje kwenye benchi. Baadaye tulijua benchi yenyewe ilikuwa ya jirani. Akasema, "Pasta, kaeni hapa, ndani kuna joto la mabati." Tukakaa. Tukaomba. Halafu mvua ya Nakuru, mnaijua, ikaja bila hodi, na ikabidi tuingie.

Ndani hakukuwa na kitu. Kulikuwa na maboksi yaliyokunjuliwa sakafuni, gunia juu yake, na blanketi limekunjwa vizuri kabisa pembeni. Juu ya sakafu ya simiti. Kama hujawahi kulala kwa simiti mwezi wa saba huku kwetu, muulize aliyewahi. Ile nyumba yake ya zamani ya udongo angalau haikuwa na baridi kama hiyo.

Mama mmoja akamuuliza polepole, "Na kile kitanda chako cha zamani?" Shosho akasema, kiliondoka na nyumba. Kumbe kitanda chake kilikuwa cha fito, miguu minne imechimbiwa ardhini ndani ya ile nyumba ya udongo. Vijana walipobomoa, kikaenda na ukuta. Mimi mwenyewe niling'oa mti mmoja siku hiyo. Nilidhani ni nguzo.

Kwa hivyo, wapendwa, ni sisi tuliomvunjia kitanda. Kisha tukampigia picha na ufunguo.

Hata hizi nyumba za serikali ambazo wengi wetu tulioajiriwa tunakatwa asilimia 1.5 ya mshahara tangu sheria ya mwaka 2024, mtu akibahatika anapewa ufunguo, hapewi kitanda. Hilo si kosa la serikali, sijasema siasa hapa. Nasema mtu yeyote anaweza kuhesabu mabati. Yakobo, sura ya 2, anauliza inafaa nini kumwambia mtu aende akaote moto na kushiba bila kumpa vitu vyenyewe. Sisi tulimwambia shosho alale salama.

Sasa nije kwa duka.

Kuna duka la fanicha hapa barabarani, mbele vitanda na kabati, nyuma karakana. Sitalitaja jina na mwenyewe hataki. Mwenye duka si mshirika wetu. Lakini mmoja wa mafundi wake huabudu hapa, safu ya nyuma, na ndiye aliyesikia habari ya shosho kwenye ushirika wa nyumbani. Jumatatu alipoingia kazini akamwambia bosi wake. Jumatano mkokoteni ulipanda Maili Sita ukiwa na kitanda cha futi nne kwa sita, meza ndogo na viti viwili. Hakuna aliyeandika barua ya kuomba. Taa hakutuma, taa ya sola ilinunuliwa na kijana mmoja wa kwaya, naye hapendi nimtaje.

Nilipomwendea kushukuru, mwenye duka aliniambia hivi: "Pasta, usinifanye mtakatifu. Hicho kitanda mtu alikiagiza, akaacha diposi, akapotea. Kimekaa hapo miezi saba kikiziba njia." Tukacheka. Lakini nyumba ya pili ilipoisha, alitengeneza kitanda kipya. Ya tatu, alitengeneza viwili, kwa sababu alisikia kuna wajukuu. Hivyo havikuwa vya kuziba njia.

Ndipo akili yangu ya biashara ikaamka. Nikasema huyu mtu lazima tumweke karibu. Nikaandika pendekezo la udhamini, kurasa nne, nikalichapa kwa rangi. Lilikuwa na madaraja matatu: Dhahabu, Fedha na Shaba. Yeye nilimweka Dhahabu. Nikalipeleka dukani nimevaa tai.

Akavaa miwani, akasoma yote. Akauliza, "Hii Dhahabu ni pesa ngapi?"

Nikamwambia, "Hapana Mzee, hulipi kitu. Wewe ukiendelea kutoa vitanda, sisi tutaweka jina lako kwa bango, na picha zako ukiwa na wale shosho."

Akavua miwani. Akasema bango hapana. Akasema na wale shosho wasipigwe picha tena. "Pasta, mtu hapigwi picha na kitanda chake." Nikafunga faili polepole.

Kisha akainama chini ya meza akatoa kaunta buku, lile la jalada gumu, akaliweka mbele yangu, akaanza kufungua. Hakusema kwa ukali. Alikuwa anasoma tu kama mtu anayesoma majina ya watoto wa shule. Sofa seti, salio. Kabati ya milango mitatu, salio. Kitanda cha ghorofa cha watoto, salio. Na majina nikawa nayajua. Huyu ni wa kwaya. Huyu tulimwombea kazi akaipata. Huyu hukusanya sadaka. Ukurasa baada ya ukurasa, karibu nusu ni watu wa hapa. Wengine wana miezi minne, wengine mwaka na zaidi, na simu hawashiki.

Halafu akafika kwa moja linalosema "Kanisa". Hii mimbari ninayoegemea nikihubiri, mbao ya mahogani, msalaba umechongwa mbele, ilibaki deni. Tulilipa nusu, tukaizindua kwa maombi, mhubiri mgeni akaja, na nusu ile nyingine ikasahaulika kwenye mkutano wa kamati.

Na ukurasa uliofuata ulikuwa na jina langu. Mke wangu alipojifungua, nilichukua kitanda cha mtoto. Salio elfu nne na mia tano. Nilimwambia mwisho wa mwezi. Mtoto sasa anatembea, anasema "mama", anasema "gari", na hicho kitanda kimeshakuwa kifupi kwake.

Nilikuwa nimekuja kumpa Dhahabu.

Nataka niwaeleze kitu kwa lugha ya hesabu, kwa sababu wengi tukipita tukiona duka limejaa tunasema huyu ana pesa. Chukua mfano wa kitanda anachouza elfu kumi na mbili. Mbao, gundi, msasa, vanishi, malipo ya fundi, kodi ya duka, stima na leseni ya kaunti, anabaki pengine na elfu mbili na nusu. Sasa wewe ukichukua kitanda, ukabaki na deni la elfu tano, umekula faida ya vitanda viwili. Yaani afanye kazi ya vitanda viwili bure ili arudi pale alipokuwa kabla hujaingia. Na anayemuuzia mbao hapokei ahadi. Tangu serikali ilipopiga marufuku ukataji miti kwenye misitu ya umma, Februari 2018, kila fundi wa mbao atakuambia vile bei ilivyopanda. Yale makabati mnayoyaona pale mbele si pesa. Ni pesa iliyokwama.

Akaniambia, "Nyumba ya nne nitatoa, nilisema nitatoa. Lakini mwezi uliopita nimemwachisha fundi mmoja, sina cha kumlipa."

Nikamuuliza ni nani. Ni yule wa safu ya nyuma. Yule aliyeleta habari ya shosho.

Nimeongea na ndugu huyo na amenipa ruhusa niseme. Alikuwa anakuja hapa kila Jumapili, anainua mikono pamoja nasi, na sisi ndio tuliomfanya akose kazi, na hakusema neno. Kumbukumbu la Torati 24 inasema mshahara wa maskini ulipwe siku hiyo hiyo kabla jua halijatua, kwa sababu moyo wake unautegemea. Yakobo 5 anasema mshahara uliozuiliwa unapiga kelele, na Bwana wa majeshi anasikia. Sisi hapa tukiomba kwa sauti Ijumaa usiku, je, mbinguni inasikika sauti yetu, au inasikika ile nyingine?

Sasa rudi mwanzo wa sura, mstari wa 1 hadi wa 7. Mjane wa mmoja wa wana wa manabii. Mume alikuwa mcha Mungu, mtu wa huduma kama sisi, na alikufa akiacha deni. Aliyemdai anakuja kuchukua watoto wawili wawe watumwa. Hapo Biblia haisemi mdai alikuwa mwovu wala haisemi deni lilikuwa la uongo. Mama ana chupa ya mafuta tu. Elisha anamwambia aazime vyombo kwa majirani, na visiwe vichache. Mafuta yakamiminika mpaka vyombo vikaisha.

Hapo ndipo sisi hushangilia na kufunga Biblia. Lakini soma mstari wa 7. Mama anarudi kwa mtu wa Mungu kuuliza afanye nini na muujiza wake. Na Elisha anampa utaratibu: uza mafuta, lipa deni, halafu wewe na wanao mwishi kwa kile kinachobaki. Hakumwambia alete fungu kwanza. Hakumwambia apande mbegu. Deni kwanza. Mungu alifanya muujiza, na kazi ya kwanza ya ule muujiza ilikuwa kumlipa mtu wa pesa zake. (Na vile vyombo vya majirani, Biblia haisemi alivirudisha, lakini mimi naamini alivirudisha, tena vimeoshwa. Kuna sufuria za harusi ya mwezi wa nne bado ziko kwa nyumba za watu hapa. Mwenye sikio.)

Kuna ndugu aliniambia wiki hii, "Lakini Pasta, yule mzee anatoa kwa moyo, Mungu atamlipa." Ndio, Mungu atamlipa. Lakini Mungu atamlipa kwa vitanda alivyowapa shosho. Kile chako hukupewa. Ulinunua. Ukimwachia Mungu alipe deni lako la sofa, unamwita Mungu mdhamini bila kumuuliza.

Mwingine akasema, ana duka, hawezi kukosa. Huyo ndiye ninataka tumsomee sura ya 8. Yule mama Mshunami, mwenye mali, Elisha alipomuuliza kama anataka asemewe kwa mfalme au kwa mkuu wa jeshi, alijibu kwamba anakaa kati ya watu wake. Maana yake, niko sawa, sina shida. Miaka ikapita. Njaa ikaja. Elisha akamwambia aondoke, akaenda kukaa nchi ya Wafilisti miaka saba. Aliporudi, nyumba haikuwa yake tena. Shamba halikuwa lake. Yeye aliyeweka kitanda, meza, kiti na taa kwa ajili ya mtu mwingine, sasa amesimama mbele ya mfalme analilia mahali pa kulala.

Na ni nani alikuwa pale? Gehazi. Mtumishi wa Elisha alikuwa saa ile ile anamsimulia mfalme habari ya mama huyo na mwanawe. Hakuwa amepanga, lakini alikuwa anajua jina lake na alikuwa anasema habari yake, na mfalme akaamuru arudishiwe nyumba, shamba, na mazao yote tangu siku alipoondoka. Tafadhali ona neno hilo: na mazao. Si shamba tu.

Wapendwa, siku duka lile likifungwa, na wenye maduka hapa wanajua jinsi linavyoweza kufungwa bila kelele, kodi ya miezi mitatu tu inatosha, sisi tutasimama wapi? Tutakuwa tunasema habari zake kwa mfalme, au tutakuwa kwenye orodha ya waliomfikisha hapo?

Nitasema tulichofanya, kwa sababu sipendi kuhubiri kitu ambacho hakijanigusa mfukoni. Jumanne ile nilienda dukani na elfu mbili na mia tano, hizo ndizo nilikuwa nazo. Nikabaki na deni la elfu mbili, na tarehe nikaandika mwenyewe kwenye kitabu chake, kwa mkono wangu. Niliona aibu kuingia. Ninyi mtaona aibu pia, nawaambia mapema. Alinipa kiti, akaniletea chai.

Jumamosi nilikaa na Mchungaji na wazee. Tulikubaliana salio la mimbari lilipwe lote kabla hatujanunua hata bati moja la nyumba ya nne. Kuna mzee aliuliza kama hatuwezi kutumia pesa za spika mpya. Namshukuru Mungu kwa mzee huyo, maana ndizo tumetumia. Kwa hivyo mkisikia spika ya kushoto bado inakwaruza, mjue ni kwa nini.

Nyumba ya nne ni ya mama yule anayelea wajukuu wanne. Msingi unachimbwa Jumamosi hii, vijana mje na majembe yenu. Bajeti nimeiandika upya, na safari hii nimeanza kutoka chini: vitanda viwili, magodoro mawili, meza, stuli nne, taa. Halafu ndio mabati. Na fanicha hiyo tutainunua. Tukishamaliza, mzee akitaka kuongeza kitu chake kwa hiari, hilo ni kati yake na Mungu wake, lakini hatutaenda kumwomba kitanda huku tumemshikia vya kwake. Ile kazi ikipata agizo la kulipwa taslimu, ameniambia atamwita fundi wake arudi hata kama ni kwa wiki mbili za kwanza. Kabla ya kubomoa chochote, kina mama wawili wataingia kwanza ndani ya nyumba ya zamani waandike kila kilichomo, hata kile kinachofanana na nguzo.

Sina orodha ya majina. Nililiona kaunta buku na nimeomba Mungu anisaidie nilisahau, nikikusalimia mlangoni usidhani ninakuhesabia. Lakini wewe unajua. Kama huwezi kumaliza deni lote, nenda na kidogo. Kama huna hata kidogo, nenda useme huna, na useme lini. Kukaa kimya na kuzima simu ndiko kunakomuumiza kuliko pesa zenyewe. Aliniambia hilo mwenyewe. Na kama ulilipa kwa M-Pesa ukapoteza ujumbe, nenda mkaangalie pamoja, kuna wawili waliokuwa wamelipa na haikuandikwa.

Tuombe. Baba, uliyeona mjane akiwa na chupa moja ya mafuta, tuone na sisi. Tupe cha kulipa, na ukishatupa, utupe moyo wa kukipeleka. Mkumbuke ndugu yetu wa safu ya nyuma, mikono yake ipate kazi. Mkumbuke shosho wa Maili Sita usiku wa leo akilala. Katika jina la Yesu, Amina.

Duka linafunguliwa saa mbili asubuhi. Jumapili halifunguliwi.